Mwenda Jean Bosco: Mfalme wa gitaa kavu aliyejua siri ya uzi mnene

Kijana wa Kinjumbi, Kilwa, akimaliza kuunda gitaa lake la galoni la nyuzi tatu, kazi ngumu ndiyo inaanza. Uzi upi uwe mnene? Ukazwe mpaka wapi?

Usidhani ni swali la watoto. Mwenda Jean Bosco, mmoja wa wapiga gitaa wakubwa kuwahi kuimba kwa Kiswahili, naye alilijibu kwa namna yake.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, huko Kongo, kwenye jamii ya Wayeke. Ndiyo maana baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Hapo ndipo uliporekodiwa wimbo wa Masanga. Gitaa moja, mtu mmoja, lakini ukiusikiliza unaapa wako wawili.

Alikuwa anafanyaje? Mkono wa kulia alitumia vidole viwili tu. Dole gumba lilishika besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza na nyuzi nyembamba za juu. Kila kimoja kilikwenda njia yake, halafu vikakutana.

Sasa hapa ndipo tyuni inapoingia. Kwa kawaida uzi mnene wa gitaa hutyuniwa E. Wapigaji wa Katanga, Mwenda akiwemo, kwa baadhi ya nyimbo waliukaza kidogo tu mpaka F. Nyuzi nyingine tano hawakuzigusa.

Faida yake? Ukipiga kwa ufunguo wa C, unaihitaji sana F kwenye besi. Uzi ukishakuwa F wenyewe, dole gumba linaupiga wazi, bila kuubana. Vidole vya mkono wa kushoto vinabaki huru kutembea juu. Uzi mmoja umekazwa, mkono mzima umepumzika.

Jina lake likavuka mipaka. Aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, na vijana wengi wa Kenya wakaiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani.

Lakini sifa haikujaza sufuria. Mwenda hakuliachia gitaa peke yake limlishe. Alifanya kazi benki, akafanya kazi kwenye kampuni ya madini ya Gécamines, akaendesha bendi yake ya Super Shaba na kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Aliyesikilizwa Nairobi na Newport bado asubuhi aliamka kwenda kazini.

Septemba 1990 alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa takriban miaka 60.

Turudi kwenye galoni. Mwenye nyuzi tatu hawezi kumuiga Mwenda noti kwa noti, ila hesabu yake anaweza kuichukua. Uzi mnene kuliko yote uwe sauti ya nyumbani, ile ambayo wimbo unarudi kupumzika. Tuseme C. Wa kati uwe G. Mwembamba uwe C ya juu. Hapo dole gumba lina besi yake wazi muda wote, na uzi mwembamba unabaki wa kuimbia.

Waya wa breki ya baiskeli una sauti kali ila unakata vidole. Mshipi wa kuvulia ni laini, sauti yake ni ya chini. Kaza polepole, maana ukizidisha unakatika, na galoni nayo inaweza kupinda.

Nyuzi sita si lazima. Cha lazima ni kujua uzi upi unabeba wimbo.