Livingstone na hesabu za nyota

Mfanyabiashara anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge hulipita jiwe la Mugere, kilomita chache kusini mwa mji, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaosema hapo ndipo wawili hao walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji wiki mbili hivi kabla. Mugere walilala siku mbili tu, wageni wa chifu Mukamba.

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813, na akiwa na miaka 10 tayari alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Wengi humkumbuka kama mmisionari, lakini ramani zake nazo zilitoka mbinguni. Mwaka 1852, huko Cape Town, mtaalamu wa nyota Thomas Maclear alimfundisha kuzipima. Tangu hapo, msafara ukilala, yeye hukaa nje na chombo cha kupimia pembe. Kimo cha nyota angani kilimwambia yuko umbali gani kutoka Ikweta. Kujua yuko mashariki kiasi gani kulikuwa kazi kubwa zaidi: alipima nafasi iliyo kati ya mwezi na nyota fulani, kisha akatafuta katika majedwali yaliyochapishwa London ni saa ngapi za Greenwich nafasi hiyo hutokea. Kila saa moja ya tofauti na saa za hapo alipo ni nyuzi 15. Majedwali hayo yalikokotolewa mapema, kwa mkono, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Waingereza waliwaita kompyuta.

Wakati huo Ulaya ilibishana kama Ziwa Tanganyika hutoa maji kaskazini kuelekea Nile. Kutoka Mugere wakaenda kwa mtumbwi hadi mdomo wa Rusizi, upande wa Gatumba ya leo, wakaona maji yanaingia ziwani. Ubishi huo ukaisha.

Ukabaki Lualaba, ambao Livingstone alishikilia kuwa ndio chimbuko la Nile. Hapo nyota hazikumsaidia: zinaonyesha mto ulipo, hazionyeshi unakokwenda. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, bado akiutafuta ukweli huo. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba pamoja na daftari zake hadi Bagamoyo. Njiani, Unyanyembe, Mwingereza Cameron alichukua vyombo vingi vya marehemu. Mwaka 1874 Cameron alipima kimo cha Nyangwe, kando ya Lualaba, akakuta pako chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, Sudan Kusini ya leo. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo hadi Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo.