Mwenye Heri Frédéric Ozanam

Frédéric Ozanam hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa Mkristu mlei, mwenye mke na mtoto mmoja, na kazi yake ilikuwa kufundisha. Alizaliwa Milano katika nchi ya Italia, tarehe 23 Aprili 1813, na wazazi wake walikuwa Wafransa. Akalelewa katika mji wa Lyon. Baba yake alikuwa daktari aliyewatibu maskini wengi bila malipo. Naye mwaka 1837 alianguka katika ngazi alipokwenda kumtazama mgonjwa maskini, akafa.

Hata alipofikia umri wa miaka 15 hivi, kijana Frédéric alishikwa na mashaka juu ya imani. Aliteseka sana, kwa maana hakutaka kuamini kwa mdomo tu. Akamwahidi Mungu kwamba akijaliwa kuuona ukweli, atautumikia siku zote za maisha yake. Padri Noirot, mwalimu wake wa filosofia, alimwongoza polepole, akimwacha aulize kila alilotaka kuuliza, mpaka roho yake ikatulia. Mwalimu wa namna hiyo ni zawadi kubwa.

Mwaka 1831 alikwenda Paris kusoma sheria. Huko walimu wengine wa shule kuu waliidharau Kanisa mbele ya wanafunzi. Ozanam alikaa katika nyumba ya mtaalamu mkuu Ampère, mtu wa elimu nyingi na wa sala. Basi vijana walikuwa wakikutana kila juma, wenye imani na wasio na imani pamoja, kuzungumza juu ya historia na mambo ya wakati wao. Ozanam alieleza kwa ufasaha mema yote yaliyofanywa na Kanisa zamani. Lakini siku moja mwenzao mmoja aliuliza: mambo ya kale ni mazuri, lakini leo ninyi Wakatoliki mnafanya nini? Ozanam alichomwa moyo, akatambua kwamba swali lile ni la haki.

Husimuliwa kwamba jioni ile ile yeye na rafiki yake Le Taillandier walichukua kuni zilizowabakia wakazipeleka kwa maskini mmoja. (Paris wakati ule kuni hazikuokotwa porini, zilinunuliwa kwa fedha, na asiye na fedha alipigwa na baridi.) Halafu, tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, wanafunzi sita walikusanyika pamoja na Bwana Bailly, mtu mzima aliyekuwa na gazeti. Wakapatana kukutana kila juma. Angalieni jinsi walivyofanya: walisali kwanza, wakasikiliza somo la kiroho, wakatoa habari za jamaa waliowatembelea, mwishoni wakachanga fedha kidogo. Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa ule nyumba kwa nyumba, aliwaonyesha mahali pa kuanzia. Wakamchagua Mtakatifu Vinsenti wa Paulo awe msimamizi wao, na chama kile kikaenea upesi katika nchi nyingi.

Mwaka 1841 Ozanam alimwoa Amélie Soulacroix. Alikuwa sasa mwalimu katika Sorbonne.

Ikafika mwaka 1848, mwaka wa fitina. Ozanam, pamoja na Padri Lacordaire na Padri Maret, alianzisha gazeti. Humo alieleza kwamba sadaka peke yake haitoshi, yafaa kutafuta kwa nini mfanyakazi amekosa chakula. Wakristu wengine wenye mali walikasirika. Mwezi wa Juni serikali ilifunga kazi zilizowapa watu mkate, nao wafanyakazi wa Paris wakaasi, damu ikamwagika njiani. Ozanam na wenzake wawili walikwenda kwa Askofu Mkuu Affre, wakamsihi aende kuwapatanisha watu. Askofu alikuwa amekwisha kuwaza jambo lile, akakubali. Jioni ya tarehe 25 Juni alisimama kati ya pande mbili, risasi ikampiga, na tarehe 27 akafa. Shauri lilikuwa jema, na mchungaji alikufa kwa ajili ya kondoo; lakini ni mzigo gani kwa wale waliolileta!

Ozanam mwenyewe hakuishi sana baadaye. Kila asubuhi alikuwa na desturi ya kusoma Biblia, na ugonjwa ulipomzidi hakuiacha. Alichagua maneno ya Maandiko yanayowafaa wagonjwa, akayaandika moja moja. Alikufa Marseille tarehe 8 Septemba 1853, siku ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, mwenye umri wa miaka 40. Maneno yale aliyoyakusanya kitandani yalichapwa yakawa kitabu cha wagonjwa. Tarehe 22 Agosti 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri katika kanisa kuu la Paris.