Maisha ya Christian Doppler

Kila mwanafunzi wa bweni aliyekwenda likizo kwa basi anajua jinsi intaneti ya simu inavyosuasua gari likienda mbio. Sababu zake si moja, lakini moja kati ya hizo ilielezwa na mtu aliyekufa kabla redio haijakuwako.

Christian Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba, 1803, katika mji wa Salzburg, ambao leo uko Austria. Baba yake alikuwa mwashi, lakini kijana huyu alikuwa dhaifu wa mwili, asiweze kazi ya mawe. Basi akasomeshwa hesabu. Baadaye alikosa kazi ya ualimu, ikambidi awe karani katika kiwanda cha pamba. Mwaka wa 1835 alikata tamaa, akauza vitu vyake ili ahamie Marekani. Alipokuwa karibu kuondoka ndipo alipopata kazi ya kufundisha huko Prague.

Tarehe 25 Mei, 1842, alisoma mbele ya wataalamu wachache makala juu ya rangi za nyota. Alieleza kwamba kitu kitoacho mawimbi kikikukaribia, mawimbi yake hubanana. Kikienda zake, huachana. Juu ya rangi za nyota alikosea, lakini kanuni yenyewe ilikuwa kweli. Mwaka wa 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapakia wapiga tarumbeta katika garimoshi, na wanamuziki wengine wakasikiliza kando ya reli. Garimoshi lilipokaribia sauti ilikuwa nyembamba zaidi, lilipopita ikawa nzito. Laiti ningalikuwako!

Mambo ni hayo hayo katika simu. Mawimbi yakiwa 900,000,000 kwa sekunde, basi liendalo kilomita 100 kwa saa kuuelekea mnara hupokea kama 83 zaidi. Ni machache, lakini mengine hurudishwa na milima na majengo, kila moja na badiliko lake, yakakutana na kuvurugana. Ndiyo maana mafundi hutengeneza simu zenye kusahihisha jambo hilo kila mara.

Huko Prague Doppler alitahini mamia ya wanafunzi, mpaka afya yake ikavunjika. (Sisi hudhani mtihani humtesa mwanafunzi peke yake.) Mwaka wa 1850 alipewa cheo kikubwa katika Chuo Kikuu cha Vienna, lakini mwaka wa 1852 mtaalamu Petzval aliipinga kanuni yake hadharani. Wakati huo mapafu yake yalikuwa yameharibika. Alikwenda Venice kutafuta hewa ya joto, akafa huko tarehe 17 Machi, 1853, akiwa na miaka 49.