Candido Jacuzzi: Baba aliyebuni jakuzi kumwondolea mwanawe maumivu

WENGI wanaposikia neno jakuzi hufikiria starehe za matajiri na hoteli za kifahari. Ni wachache wanaofahamu kwamba hilo ni jina la ukoo, na kwamba chombo hicho kilitokana na mateso ya mtoto mdogo aliyekosa usingizi kwa maumivu ya viungo.

Candido Jacuzzi alizaliwa mwaka wa 1903 katika eneo la Friuli, kaskazini mwa Italia. Alikuwa mdogo zaidi miongoni mwa ndugu saba wa kiume, nao walikuwa na dada sita. Kaka zake walitangulia kuhamia Marekani kutafuta riziki, naye akawafuata katika jimbo la California.

Mnamo 1915 ndugu hao walianzisha karakana mjini Berkeley, wakitengeneza rafadha za ndege. Hatimaye waliunda ndege yenyewe, lakini mwaka wa 1921 ilianguka na kumuua mmoja wao, Giocondo, pamoja na wengine. Familia, ikiwa katika majonzi, iliachana na biashara ya ndege.

Riziki mpya ilipatikana ardhini. Mwaka wa 1926, kaka mkubwa, Rachele, alibuni pampu iliyosukuma maji kwa kasi hadi kisimani ili yavute maji mengine juu. Pampu hizo ziliwafaa mno wakulima na kuipa familia utajiri. Rachele alipofariki mwaka wa 1937, ndugu waliobaki waliendeleza kazi, na baadaye Candido akashika usukani wa kampuni.

Msiba wake ulikuwa nyumbani. Mwanawe, Kenneth, aliyezaliwa mwaka wa 1941, aliugua koo akiwa angali mchanga, na maradhi hayo yakamwachia baridi yabisi. Viungo vilivimba na kukakamaa. Hospitalini alitumbukizwa katika tangi la maji moto yaliyozungushwa kwa mtambo, akapata nafuu. Hata hivyo, nafuu hiyo ilikuwa ya muda tu, na tangi lilibaki hospitalini.

Candido, aliyeishi miongoni mwa pampu, alitambua kwamba siri ya tangi lile ilikuwa pampu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye na mafundi wa kampuni waliunda pampu ndogo ya kutumbukizwa katika bafu la kawaida nyumbani. Ilivuta maji, ikayachanganya na hewa, kisha ikayarusha kwa kasi. Joto lililegeza misuli, na mkondo ukaikanda. Mtoto aliweza sasa kupata tiba hiyo bila kutoka nyumbani.

Mwaka wa 1956 pampu hiyo iliingia sokoni kwa jina J-300, ikiuzwa kama kifaa cha tiba. Mwaka wa 1968, Roy Jacuzzi, wa kizazi cha baadaye, aliweka matundu ya kurushia maji katika kuta za bafu lenyewe. Yalifuata mahodhi makubwa yenye kipasha joto na chujio, ya kuingiwa na watu kadhaa.

Badiliko hilo lilileta wajibu mpya. Maji ya bafu la Kenneth yaliweza kumwagwa kila baada ya kuoga, ilhali ya hodhi la kisasa hukaa miezi. Maji ya uvuguvugu yasiyotunzwa ni makao ya bakteria wanaosababisha vipele na hata homa ya mapafu. Kwa hivyo mwenye hodhi hulazimika kupima klorini na kiwango cha asidi mara kwa mara, kusafisha chujio, na kubadilisha maji takriban kila miezi mitatu. Waogaji wanashauriwa kujisafisha kwanza, na joto lisizidi nyuzi 40. Watoto wa chini ya miaka mitano hawafai kuingia, na wajawazito wamwone daktari kwanza.

Maisha ya Candido hayakuishia katika raha. Mwaka wa 1969 alishtakiwa kwa kukwepa kodi, akaishi miaka kadhaa nje ya Marekani. Mwaka wa 1975 alipatwa na kiharusi kilichompooza mwili. Mtu aliyehangaika ili mwanawe aweze kujinyosha akawa yeye mwenyewe hawezi kujinyosha. Mwaka wa 1979 kampuni iliuzwa, ikatoka mikononi mwa familia. Candido aliaga dunia mwaka wa 1986.

Kenneth, ambaye maradhi hayakumwacha, alisoma, akafanya kazi katika kampuni ya familia na kuwatetea walemavu. Mwaka wa 2005 alichapisha kitabu kuhusu babaye na uvumbuzi ule. Alifariki mwaka wa 2017, miaka 31 baada ya baba aliyekataa kumwachia maumivu mwanawe.