Harold Sakata (1920–1982): Mwanamieleka Aliyevuma Bila Kusema

Harold Sakata, aliyeitwa Toshiyuki alipozaliwa, alizaliwa tarehe 1 Julai 1920 huko Holualoa, Hawaii, katika ukoo wenye asili ya Japani. Wakati huo visiwa hivyo vilikuwa chini ya Marekani, ila havijawa jimbo kamili.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na kunyanyua vitu vizito. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1948 aliiwakilisha Marekani katika uzani wa kilo 82.5, akanyanyua jumla ya kilo 380 na kutwaa medali ya fedha, nyuma ya Mmarekani mwenzake, Stanley Stanczyk. Hata hivyo, michezo hiyo ilikuwa ya ridhaa, na medali haikuwa riziki. Akaingia katika mieleka ya kulipwa.

Kwa asili, mieleka ni wingi wa mweleka, yaani mwanguko wa kishindo. Katika mieleka ya kulipwa, mweleka wenyewe ni sehemu ya maonyesho: ampigaye mwenzake na apigwaye huwa wamekwisha kupatana. Ulingoni Sakata alijiita Tosh Togo, akashiriki na Great Togo kana kwamba ni ndugu wa damu. Wote wawili waliigiza Wajapani wajanja na wakatili, mbele ya watazamaji ambao machungu ya vita vya pili vya dunia yalikuwa hayajawatoka. Hivyo mtu aliyeiletea Marekani medali alipata ujira wake kwa kuzomewa kama adui wa Marekani. Lakini ulingo huohuo ulimfunza kumtisha mtazamaji kwa kusimama na kutazama tu.

Ujuzi huo ulimfaa mwaka 1964, alipoigiza katika filamu ya *Goldfinger* akiwa Oddjob, mtumishi wa Kikorea mwenye kofia yenye ukingo wa chuma inayoua ikirushwa. Jina la mhusika huyo lina maana ya kazi ya kibarua, jambo linalomdunisha kabla hajatenda lolote, na hapewi mazungumzo zaidi ya mguno. Sakata alimjenga kwa mwili: tabasamu, kuinamisha kichwa kwa adabu, na ukimya ambao humfanya James Bond, aliyeigizwa na Sean Connery, aonekane dhaifu.

Baada ya hapo mhusika alimmeza mwigizaji. Sakata aliendelea kuonekana katika filamu, televisheni na hata tangazo la dawa ya kikohozi, mara nyingi kwa sura ileile, na jina Oddjob likapachikwa katikati ya majina yake mwenyewe. Alifariki kwa saratani mjini Honolulu tarehe 29 Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 62. Wengi wanaikumbuka kofia. Wachache wanaikumbuka medali, ambayo aliipata kwa jina lake halisi.