Hollerith: Mtoboa kadi aliyeitangulia kompyuta ya Hazina

KOMPYUTA ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, na mmoja wa waasisi wa nasaba ya kampuni iliyoiuza alikuwa mhandisi wa Kimarekani aliyefariki miaka 36 kabla ya hapo.

Mhandisi huyo, Herman Hollerith, alizaliwa Februari 29, 1860 mjini Buffalo, New York, kwa wazazi waliohamia kutoka Ujerumani. Alihitimu masomo huko Columbia mwaka 1879, kisha akaajiriwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880.

Makarani wa sensa hiyo walijumlisha kwa mkono, na kazi ikaendelea hadi sensa iliyofuata ilipokaribia.

Hollerith alikuwa amewaona makondakta wa treni wakitoboa tiketi ili kuonyesha sifa za abiria. Akaamua kila mtu awe na kadi yake: tundu moja lionyeshe jinsi, jingine umri, jingine kazi. Sindano ilipopenya tundu iligusa zebaki, umeme ukapita na mshale wa kuhesabia ukasogea hatua moja.

Alipewa hataza Januari 1889. Katika sensa ya mwaka 1890, mashine zake zilihesabu watu zaidi ya milioni 62.

Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake. Hakuwa mtu mwepesi wa kupatana naye. Alipendelea kukodisha mashine kuliko kuziuza, na mzozo wa gharama ukamtenganisha na Idara ya Sensa mwaka 1905. Idara ikamtumia James Powers kubuni mashine nyingine, na hivyo mteja mkubwa akazaa mshindani.

Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikaitwa IBM. Mwenyewe alifariki Washington Novemba 17, 1929.

Huko Uingereza, makampuni yaliyorithi mashine za mahasimu hao wawili yaliungana mwaka 1959 na kuwa ICT, ambayo miaka sita baadaye jina lake lilifika Hazina yetu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku iliyolegezwa baadaye.

Leo hii, Kinondoni au Temeke, kompyuta iliyochakaa mara nyingi huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo, na historia yake ikapotea mizanini.

Anayekuta kadi za matundu katika kabati la ofisi ya zamani azishike kwa kingo, azilaze pakavu na asizifunge kwa mpira. Skrini nene za kioo asizifungue, kwani huhifadhi umeme hatari hata zikiwa zimezimwa.

Kadi hizo ndizo zenye kumbukumbu ya kudumu zaidi, kwa kuwa matundu yake husomeka kwa macho, hata mashine iliyozitoboa ikiwa imekwisha yeyushwa.