Tingatinga, Mwalimu Asiyekuwa na Chaki

Mtajie mwanafunzi yeyote wa Kenya neno tingatinga, naye atakuambia pasi na kusita kwamba ni trekta, au lile dude kubwa lisukumalo mchanga wakati barabara zinapotengenezwa. Aliyemzidi umri atakumbuka uchaguzi mkuu wa mwaka 1997 na alama ya chama cha NDP. Huku kwetu Nakalale, ambako mchanga ni mwingi na barabara ni chache, neno hilo lina utamu wake. Ni wachache mno watakaosema kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alishika brashi kwa muda wa miaka minne tu na jina lake likageuka kuwa jina la aina nzima ya sanaa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la wanafunzi. Vijana wetu wa shule za upili, wazaliwa wa hapa na wale waliokulia katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, wameingiwa na mapenzi makubwa ya hadithi za picha za Kijapani ziitwazo manga (wazee wasije wakazichanganya na Manga ya Arabuni, walikotoka Wamanga wa pwani). Huzichora nyuma ya madaftari yao, pengine wakati ambapo mwalimu anadhani wanaandika hesabu. Waliniomba niwasimulie habari za bingwa wa fani hiyo, Osamu Tezuka, nami sikuwanyima. Tezuka alizaliwa mwaka 1928 katika mkoa wa Osaka, akasomea udaktari wa tiba, kisha akaiacha sindano akaishika kalamu. Mwaka 1947, Japani ingali magofu ya vita, hadithi yake iitwayo Shin Takarajima ilichapishwa kwa bei ya chini ikanunuliwa kwa maelfu. Kati ya mwaka 1950 na 1954 alichora hadithi ndefu ya simba mweupe katika mwitu wa Afrika. Mwaka 1952 akamwanzisha mtoto wa chuma aitwaye Atomu, ambaye mwaka 1963 aliingia katika televisheni. Alipofariki mwaka 1989 alikuwa amechora kurasa zinazokadiriwa kufikia 150,000.

Simba wa Afrika, aliyechorwa Japani! Nilipofika hapo katika maelezo yangu niliona haifai kuendelea kabla ya kuwaeleza vijana habari za mtu wa kwetu aliyewachora wanyama hao akiwa katika nchi yao wenyewe, kwa rangi aliyoinunua dukani kwa senti za jasho lake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu, na majina yake mawili ya kwanza yanawachukua wazazi wote wawili bila ugomvi. Walikuwa wakulima wasio na mali. Elimu ya darasani aliyoipata ilikuwa haba, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa kusini zama za ukoloni, sehemu ambayo serikali ya Waingereza iliitazama hasa kama ghala la vibarua.

Na kibarua ndicho alichokuwa. Katikati ya miaka ya 1950 alisafiri hadi Tanga, akaingia katika mashamba ya mkonge. Msomaji ambaye hajauona mkonge na afahamu kwamba ni mmea wenye majani marefu mazito yenye mwiba mkali nchani, na mkataji hulipwa kwa hesabu ya matita aliyoyafunga. Vijana wa Tunduru, wa Songea na wa Msumbiji waliifanya kazi hiyo kwa maelfu, na wengi walirudi kwao na makovu kuliko fedha. Tingatinga hakurudi. Mwishoni mwa miaka hiyo alielekea Dar es Salaam, alikokuwa na jamaa, akapata kazi ya nyumbani kwa afisa mmoja Mwingereza.

Kisha uhuru ukaja, Desemba 1961. Hapa historia ina ucheshi wake mchungu: bendera ilipopanda na maafisa wa kikoloni walipofunga mizigo yao, watumishi wao walishangilia pamoja na taifa zima, na baada ya muda wengi wakajikuta hawana kazi. Tingatinga alikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyofuata aliishi kwa kubangaiza, leo kibarua hiki, kesho biashara ile ndogo, akikaa Msasani, mahali paitwapo Mikoroshoni.

Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Naomba walimu wenzangu wautazame umri huo vizuri. Sisi tuna mazoea ya kumkatia mtoto tamaa akiwa darasa la nne. Mtu huyu hakuwahi kuingia chuo cha sanaa. Inasimuliwa kwamba aliziona picha zilizokuwa zikiuzwa mjini na wachoraji kutoka Kongo, akaona kwamba wageni wanazinunua, akaamua kwamba na yeye anaweza. Hakutanguliza nadharia yoyote, wala hakudai kwamba mizimu ya mababu imemwotesha. Alikuwa na njaa na alikuwa na jicho, na sioni aibu yoyote katika hilo la kwanza.

Zana zake zilikuwa zile alizoweza kuzimudu. Badala ya turubai alinunua vipande vya ubao mwembamba wa kushindiliwa, ule ambao mafundi huutumia kufunika dari, akavikata miraba ya upande wa futi mbili hivi. Badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, yenye kung'aa, iuzwayo katika mikebe midogo. Rangi hiyo haichanganyiki kwa upole. Anayeitumia hulazimika kupaka rangi moja, kungoja ikauke, ndipo aweke nyingine juu yake. Kwa sababu hiyo picha zake zina mipaka iliyo wazi, bila vivuli na bila zile hila za kumfanya mtazamaji aone umbali. Nyuma huwa na rangi moja tupu, au mbili. Katikati husimama mnyama mmoja: chui, tembo, twiga, nyati, au ndege juu ya tawi. Madoa ya chui hupangwa moja moja kama shanga. Macho humkazia mtazamaji kama ya mtu aliyeulizwa swali asilolipenda.

Wapo wataalamu walioandika kwamba mtindo huo umetokana na michoro ya kale ya kuta za nyumba za Wamakua na Wamakonde, na wapo waliokanusha wakisema kwamba ni bidhaa ya soko iliyobuniwa mjini kwa ajili ya Wazungu. Mimi naona mabishano haya yana ukweli kidogo kila upande na kiburi kingi pande zote. Ni kweli kwamba wanunuzi walikuwa wageni. Lakini vitabu vya Tezuka navyo vilikuwa bidhaa ya soko, tena vilivyouzwa kwa watoto kwa bei ya peremende, wala leo hakuna Mjapani anayevitupa kwa sababu hiyo. Mtu maskini akichora ili auze, tunasema amefanya biashara. Tajiri akichora ili auze, tunasema ni msanii. Huo si uhakiki.

Soko lake lilikuwa chini ya mti karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako jamaa wa balozi na wataalamu wa kigeni walikuja kununua mahitaji yao. Mkewe, Agatha, alimsaidia kuuza. Picha zilikwenda haraka, na baada ya muda shirika la umma lililoshughulikia sanaa nalo likaanza kuzinunua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono.

Ndipo akawa mwalimu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Aliwaita jamaa zake na vijana wa nyumbani: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah. Walikaa uani pamoja naye. Mwanafunzi alianza kwa kazi ndogo, akatazama, akaiga, akaiga tena, mpaka mkono wake ukajua wenyewe. Kuiga, ambako sisi tukikuona katika mtihani twamfukuza mtahiniwa, ndiko kulikokuwa mtaala wote. Nimesoma lawama za watu wanaosema kwamba mafunzo ya namna hiyo huzaa kasuku. Kasuku wapo, sikatai, na ukizunguka katika maduka ya watalii ya Nairobi na Zanzibar utawaona kwa mamia. Hata hivyo Linda na Mpata, waliotoka katika ua uleule, hawafanani, na mtu mwenye jicho huwatenga bila kutazama sahihi. Bwana Tezuka naye aliwakusanya vijana wasaidizi wakamjazia wino, na baadhi yao wakatoka wakawa mabingwa. Hatujui njia nyingine iliyo kongwe zaidi ya kurithisha ufundi. Ndivyo hata hapa Turkana mtoto anavyojifunza kuchonga kigoda kando ya mzee wake, bila cheti.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku pamoja na wenzake. Polisi waliwadhania kuwa ni wahalifu waliokuwa wakikimbia, wakafyatua risasi. Alifariki akiwa na umri wa miaka arobaini. Nimeona maandishi yanayolipita tukio hili kwa sentensi moja, kana kwamba ni ajali ya mvua. Nami sina mengi ya kuongeza juu ya jinsi lilivyotendeka, ila nasema hivi: mtu asiye na hatia aliuawa na wale waliolipwa kumlinda, na vijana wa maeneo yetu ya kaskazini, ambao huamrishwa kulala kifudifudi kila kunapotokea wizi wa mifugo, watalielewa jambo hilo bila mimi kulifafanua.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Badala yake walibaki palepale Msasani wakaendelea kuchora, na walipoulizwa picha zao ni za namna gani, wakataja jina la marehemu. Mwaka 1990 walijiandikisha rasmi kuwa chama cha ushirika, na ushirika huo umeendelea kuwapokea wanafunzi wa wanafunzi. Mpata alihamia Nairobi baada ya msiba, na kazi zake zikapendwa sana na Wajapani, kiasi kwamba hoteli moja ya Kijapani iliyofunguliwa juu ya genge la Oloololo, Maasai Mara, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipewa jina lake. Basi yule simba aliyechorwa Japani na mtu wa Osaka akajibiwa na simba wa kijana wa kusini mwa Tanzania. Wanafunzi wangu walilifurahia jambo hili kuliko yote niliyowaeleza.

Mwaka 2010 ukaja mfululizo wa katuni wa televisheni, Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na vijana wa Kenya kwa ajili ya watoto wa Uingereza na kwingineko, kwa vipindi 52. Wanyama wake wanatembea na kusema, na mtu aliyeziona picha za Msasani huwatambua papo hapo. Kwangu jambo hili ni la furaha na la wasiwasi pia. Sheria ya hakimiliki hulinda picha, haiulindi mtindo. Kwa hiyo kila mwenye brashi yuko huru kuchora kitingatinga na kukiuza, na jamaa za mwasisi hawana wanachodai. Jina moja limewalisha watu wengi mno katika Afrika Mashariki, ilhali aliyelileta hakuwahi kuona hata sehemu ndogo ya tija hiyo.

Hapa kwetu sanaa ilikuwa ikitahiniwa mwishoni mwa darasa la nane katika mfumo wa 8-4-4, kisha ikaondolewa katika mtihani, na palipoondoka mtihani pakaondoka na kipindi chenyewe, maana walimu wengi waliigeuza saa hiyo kuwa ya hisabati. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha, walau kwenye ratiba. Walimu huniuliza rangi zitatoka wapi katika shule ambazo hata chaki hufika kwa kuchelewa. Mimi huwajibu kwamba mabaki ya rangi ya milango na kipande cha ubao wa dari yatatosha kwa muhula mmoja, ila wasiwape watoto petroli ya kuoshea brashi darasani. Mafuta ya taa yanatosha, nayo yakae kwa mwalimu.

Neno moja kwa wale watakaokwenda mijini wakakuta picha za kununua. Yeye mwenyewe aliweka sahihi kwa herufi kubwa, E. S. TINGATINGA, na picha zake halisi zimekuwa adimu na ghali. Kwa kuwa alichora kwa miaka minne tu, zilizobaki haziwezi kuwa nyingi. Picha mbichi yenye kunukia rangi, hata ikiwa na sahihi hiyo, ni ya mtu mwingine, na bei yake iwe ya huyo mtu mwingine.